Nafasi Yangu Kwenye Keria

Asubuhi ya msiba nilipewa beseni la sahani nikasuuze nyuma ya nyumba ya wazazi wetu, na huko ndiko nilikoiona keria ya ile pikipiki ya kaka yangu. Ilikuwa imelazwa juu ya miti iliyochimbiwa ardhini, imekuwa chanja cha vyombo, sufuria zimefunikwa juu yake zinachuruzika maji. Kutu ilikuwa imeila pembeni, lakini ile nondo ya katikati, iliyochomelewa ovyo na kuachwa na nundu, ilikuwa vile vile. Naijua ile nundu. Niliikalia msimu mzima wa kahawa, na mpaka leo nikikaa sana kwenye benchi la kanisani, mfupa wa nyuma unanikumbusha. Nikaweka beseni chini nikainama kuinusa kama mwehu. Ilinuka sabuni na moshi, basi. Lakini pua yangu ilileta petroli na kahawa, vyote kwa pamoja, na machozi ambayo yalikuwa yamegoma tangu nipigiwe simu yakatoka hapo hapo, mbele ya sufuria.

Ndani, kaka yangu Osmundi alikuwa kwenye jeneza, anasubiri gari la kumteremsha Lundo, ziwani, alikooa, akaishi na kuagiza azikwe. Watu sebuleni walikuwa wanamsifu kwa zamu. Mimi nilikuwa na hasira naye. Si hasira ya siku ile, ni ya tangu nikiwa darasa la pili, na sikuwa nimewahi kumwambia.

Ninyi wa umri wangu mnaikumbuka miaka ile ya soko huria, hasa sisi wa Mbinga. Kabla ya hapo kahawa ilikwenda kwenye chama cha ushirika, mzee anarudi na karatasi, anasubiri. Halafu ghafla wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakafunga mizani chini ya maturubai kando ya barabara, kila mmoja akijidai mizani yake ndiyo ya haki. Mitumba ikamwagwa sokoni kwa marobota. Watu waliokuwa wameshazoea kuambiwa hakuna, wakaanza kuambiwa kila kitu kinawezekana. Wengi walisikia maneno hayo wakanunua bati au redio. Kaka Osmundi na Dada Hiasinta walisikia maneno hayo hayo wakaamua kwenda Ulaya kwa pikipiki.

Kaka alikuwa fundi gereji ya misheni. Padri mmoja mzee aliporudishwa kwao kwa ugonjwa alimwachia pikipiki yake nyekundu, kuukuu, yenye sauti ya mtu anayekohoa. Dada, aliyemfuata Kaka kuzaliwa, alikuwa na cherehani pale sokoni. Mimi nilikuwa kitinda mimba, nimepishana nao mbali, kiasi kwamba waliniona kama kitu kilicholetwa nyumbani baada ya mambo yote ya maana kuisha.

Habari ya safari ilitolewa wakati wa kula.

"Baba, kahawa ya mwaka huu tusiwauzie hawa," Kaka alisema.

"Tuifanyeje? Tuinywe?" Baba akauliza, na sote tukacheka, maana kwetu tuliilima kahawa mlima mzima lakini kikombeni tulijua chai.

"Tuipeleke wenyewe. Mimi na Hiasinta, kwa pikipiki."

"Songea?"

"Ulaya, Baba."

Baba alimega tonge, akalichovya kwenye maharage, akalitafuna mpaka likaisha. "Osmundi, wewe Ulaya unaijua iko wapi?"

"Iko inakokwenda kahawa. Kahawa haina macho wala miguu na inafika kila mwaka. Sisi tutashindwaje? Na wametangaza, kila mtu auze anakotaka."

"Wamesema uuze. Hawajasema ufikishe."

Dada akachomoa ramani iliyochanwa kwenye kitabu cha jiografia, akaitandaza kati ya bakuli la maharage na la mboga. Akapitisha kidole. Kutoka kwetu mpaka Misri kidole kilikwenda haraka sana, hakikukutana na shida yoyote. Pale kwenye bahari kikasimama. "Hapa tutauliza," alisema.

Mama akauliza kama wataanza kwa kupitia Songea. Kaka akamtazama kama mtu aliyeulizwa upuuzi. Songea kuna vilima vya kupanda! Wao wataanza kwa kuteremka ziwani, Mbamba Bay, wapande meli mpaka Kyela, halafu ndiyo waelekee kaskazini. Kuteremka ziwani injini unaizima, pikipiki inakwenda bure. Hapo hata Baba alitikisa kichwa kukubali. Sisi watu wa milimani tuna ugonjwa huo: mteremko tunauhesabu kama mali. Mtu wetu akiona njia inashuka, haulizi inakwenda wapi. Leo nikifikiria kwamba safari ya kuvuka mabara ilipangwa kwa kigezo cha kuteremka, nataka kugonga meza, lakini siku ile hakuna aliyeona kasoro.

Baba, nadhani ili apumzishwe masikio, aliahidi gunia moja dogo la kahawa iliyo bora, lakini akasema hataligusisha pikipiki mpaka siku ya safari, likiwa limekauka vizuri. Likifika salama, mwaka utakaofuata atawapa kahawa yote. Kwa neno hilo nyumba yetu ikaharibika.

Sufuria kubwa ya Mama ikawa ya kumwagia oili. Ugali ukapikwa kwenye sufuria ndogo kwa awamu, na bado ulinuka petroli, kwa sababu dumu la petroli lilihifadhiwa jikoni ili lisiibiwe. Mama alilalamika mpaka akachoka, akawa anapika huku amefunika pua kwa kitenge. Dada alinunua makoti ya mitumba mazito kama magodoro akayashonea mifuko kila mahali, hata kwapani. Wakasema Ulaya kuna baridi ya kuua, lazima mwili uzoee, basi wakaacha kujifunika blanketi. Hilo lingekuwa lao, ila wakaamua kwamba kama blanketi hazitumiki basi ziuzwe wanunue mpira wa ndani wa tairi, na mojawapo lilikuwa langu. Mwezi wa saba, huko kwetu juu, asubuhi maji ya bombani yanauma meno! Nililala na Mama nikikohoa, nao wananiambia nikaze moyo.

Kilichokosekana kilikuwa mzigo wa kujaribia. Kaka alitaka kujua pikipiki itakavyokwenda na gunia nyuma, na gunia lenyewe lilikuwa bado liko kwenye vichanja linaanikwa. Walijaribu udongo, ukawamwagikia. Walijaribu mahindi, Mama akayafuata akayarudisha jikoni. Siku moja nikiwa natoka shule, Kaka akanishika mkono bila kusema kitu, tukaenda mpaka kwa mnunuzi mmoja kando ya barabara. Wakaniweka kwenye gunia tupu, wakalining'iniza kwenye ndoano ya mizani. Nilizunguka polepole hewani huku wanaume wazima wakitazama mshale.

"Hapo hapo!" Kaka akapiga makofi. "Hiasinta, huyu ndiye mwenyewe. Sasa wewe usinenepe wala usikonde. Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

Niambieni, mtoto aliyefanyiwa hivyo angefikiri nini? Mimi nilijua watu wanaokwenda mbali hupimwa. Mjomba alipokwenda jeshini alipimwa. Nikaelewa kwamba nimechaguliwa.

Basi kila Jumamosi nilifungwa kwenye keria kwa kamba ya katani, nyuma ya Dada, ambaye alikuwa nyuma ya Kaka. Tukitoka tu mjini na barabara ikianza kuinama, Kaka alizima injini. Hapo kelele zote zilikatika, ukabaki upepo na mlio wa tairi kwenye changarawe. Mashamba ya ngolo yalipita pembeni, yale mashimo yetu ya kulimia yaliyopangana mlima mzima, halafu migomba, halafu hewa inaanza kuwa ya moto, halafu kwenye kona fulani ziwa linatokea lote kwa mara moja chini yako. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile. Nilikumbatia koti la Dada, na kila kona ilipokuja nilijilaza na wao. Wakienda kulia nami kulia, wakienda kushoto nami kushoto. Hakuna aliyenifundisha. Ningefanyaje kingine, na shavu langu lilikuwa limebanwa mgongoni kwake?

Huko chini tulimsalimu Bibi mzaa mama, Mnyasa wa Lundo na Mwanglikana wa kweli kweli, ambaye alitupa usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwani, na kumuuliza Kaka kila mara, "Na huyu mtoto naye mnampeleka?" Kaka hujibu, "Tunamjaribia, Bibi." Nami hutafuna usipa nikijua nafaulu majaribio. Kurudi juu tulipakiza pikipiki kwenye lori la samaki, na sisi juu ya matenga, kwa sababu kupanda kunakula petroli. Kwa hiyo katika majaribio yote yale pikipiki haikupanda kilima hata kimoja. Dereva wa lori aliwahi kumuuliza Kaka kama na huko Misri watakuwa na malori ya samaki ya kuwapandisha. Kaka alinuna njia nzima.

Nyumbani nikawa napangiwa chakula. Baada ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, nilipokula wali na nyama bila aibu, walinipima wakakunja nyuso, nikanyimwa ugali wa usiku. Nilipougua malaria nikapungua, Dada aliniletea ndizi mbivu na maziwa kitandani, ananibembeleza nile, mpaka Mama akasema, "Leo ndiyo umejua una mdogo wako?" Mimi nililia kwa raha. Sikuwahi kupendwa namna ile.

Nikajiandaa na mimi. Kamba yangu ya kurukia nilimpa rafiki yangu Benadeta. Mwanasesere wangu wa gunzi, niliyemvika kitambaa cha Dada, nilimpa jirani. Nafasi yangu ya kukaa karibu na dirisha darasani nilimwachia mtoto niliyekuwa simpendi, ili niondoke bila kinyongo. Mwalimu alipouliza nani atashika kengele muhula ujao, niliinuka nikasema mimi nitakuwa Ulaya. Darasa lilicheka. Niliwahurumia.

Siku ya safari niliamka kabla ya wote. Nilivaa gauni la Komunyo aliloliacha Dada, lililonifika vifundoni, na sweta jekundu. Viatu nilivishika mkononi nisivichafue. Nje, pikipiki ilikuwa tayari imefungwa: makoti, kopo la dawa, mfuko wa usipa mkavu, unga, dumu la petroli ubavuni. Na juu ya keria, pale pale kwenye nundu yangu, palikuwa na gunia.

Nilisimama nikiwa nimeshika viatu. Kwanza nilidhani limewekwa kwa muda.

"Mimi nakaa wapi?" niliuliza.

Kaka alikuwa anakaza kamba, kwa goti. "Unakaa wapi wapi?"

"Kwenye pikipiki."

Dada akanitazama, kuanzia kwenye gauni mpaka kwenye viatu. Nafikiri alielewa, maana aliangalia pembeni. "Wewe ulikuwa wa kujaribia tu, mdogo wangu. Gunia likianguka linapasuka, mtoto akianguka anaamka. Ndiyo maana."

Alisema kwa upole kabisa, na ndiyo maana sikuweza hata kulia. Hawakunidanganya. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Hakuna siku hata moja waliposema nitakwenda. Walinipima, wakanilisha, wakanifunga kamba, wakaniteremsha milima, na kati ya watu wawili wazima wanaojua kuchora njia ya kwenda Misri hakuna aliyejiuliza mtoto huyu anawaza nini.

Wakaondoka. Majirani walipiga vigelegele. Mama alilia, Baba alisimama mikono nyuma. Nasi tulikuwa na nafasi kwenye lori linaloshuka kufuata samaki, ili tukawaage kwenye meli pamoja na Bibi. Mama alinipakata nikiwa bado na gauni, nikatazama upande wa pili njia nzima.

Tuliwakuta kwenye kona ile ile ambako ziwa hutokea. Pikipiki ilikuwa imelala mtaroni, tairi la mbele juu. Kaka amekaa kwenye majani ameshika goti, suruali imechanika, damu. Dada, na koti lake la Ulaya, alikuwa amepiga magoti kwenye mteremko anaokota kahawa anaweka kwenye kanga. Gunia lilikuwa limepasuka na kahawa imetawanyika chini kadiri ya jicho, na dumu nalo lilikuwa limefunguka juu yake. Harufu ilitupokea kabla lori halijasimama. Kila mkulima pale alijua maana yake. Kahawa hunywa harufu yoyote iliyo karibu nayo. Weka karibu na samaki itanuka samaki. Ile haingenunuliwa na mtu yeyote, si Mbinga, si Ulaya.

Baba alishuka, akatazama. Tulingoja alipuke. Alivua koti akasema, "Tuokote," na akapiga magoti kando ya Dada. Tukaokota wote, hata dereva, kahawa isiyofaa kitu, kwa sababu ilikuwa kahawa na iko chini.

Nilipofika karibu na Kaka, alinikamata kifundo cha mkono. Alikuwa amekasirika kweli.

"Wewe kwenye kona ulikuwa unafanyaje?"

"Kona ipi?"

"Kona zote! Gunia nimelifunga uzito wako ule ule, kamba ile ile, mahali pale pale. Nikiinama kulia lenyewe limekaa. Nikienda kushoto linanivuta. Wewe ulikuwa unafanyaje?"

Nikafikiri. "Nilikuwa naegemea na nyie."

 Kaka akaachia mkono wangu, akalitazama gunia, akatazama pikipiki, akatazama gauni langu. "Ungekuwepo wewe," alisema mwishowe, "tusingeanguka."

Wangapi wangesema hivyo kisha wakaacha hapo? Yeye aliacha hapo. Nami nikalichukua neno lile kama ahadi. Nilikwenda kwa Benadeta kudai kamba yangu, akanicheka wiki nzima, lakini nilivumilia, kwa kuwa safari ijayo wangenihitaji. Nikajipima mwenyewe kila nilipopata mizani. Goti la Kaka likapona. Wakasema msimu ujao. Kaka akatengeneza fremu ya mbao ya kufanya gunia liiname, akaiacha nusu. Bei ya kahawa ikaanguka, Dada akaolewa Namswea, Kaka akampata binti wa Lundo na kushuka moja kwa moja. Pikipiki iliuzwa kipande kipande, ikabaki keria tu. Nikakua, nikanenepa, nikapita uzito wa gunia lolote, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba safari imekufa. Kila nilipokwenda Lundo, Kaka alinipokea kwa samaki na hadithi za meli, nami nilirudi nyumbani bila kuuliza. Mjinga na mwenzake.

Gari la msiba lilifika, pikapu nyeupe. Vijana walipakia jeneza, wakamwambia mke wa marehemu akae mbele. Nyuma, huku na huku kwenye jeneza, tukapanda mimi na Dada Hiasinta, ambaye magoti yake siku hizi yanahitaji watu wawili kumpandisha. Barabara sasa ni lami tupu mpaka ziwani. Tulipofika pale inapoanza kuinama, Dada aligonga kioo cha dereva.

"Baba, usizime injini," alimwambia.

"Mama, siku hizi hakuna anayezima," kijana akajibu, bila kuelewa kwa nini akina mama wawili kando ya jeneza wanacheka na leso mdomoni.

Halafu kona zikaanza. Kona ya kwanza jeneza liliteleza likamgonga Dada gotini. Ya pili likaja kwangu. Lilikuwa zito, limekaa vile vile bila kujali gari linaelekea wapi, na kamba waliyolifungia vijana ilikuwa ya kitoto. Nikavua viatu. Nikalala kifudifudi juu yake, shavu kwenye mbao, mikono nimezungusha mpaka nikamshika Dada kanga. Ziwa likatokea lote chini yetu. Gari likaanza kukata kulia.

"Kulia, kaka," nilimwambia. "Egemea na mimi."